Mwanzi wa Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanika mpunga. Kuku wamenisumbua mpaka nimewarushia kandambili. Haikumpata hata mmoja. Nikaifuata mwenyewe kwenye matope.

Mchana kaja Mwinjilisti, jasho linamtiririka, baiskeli haina breki, kasimama kwa kuparamia ukuta wangu. Anasema chumba cha vitu vya zamani pale kanisani kinafunguliwa Jumapili ya wiki ijayo. Vyungu wamepata. Ngoma wamepata. Nyundo ya mhunzi wamepata. Kitu cha uvuvi hawana. Ngonga nzima, ziwa lile pale, hawana kitu cha uvuvi! Aibu. Nikasema mimi ninacho. Nimesema kabla sijafikiri. Ndivyo nilivyo.

Lakini ninacho kweli. Mwanzi wa kuvulia wa baba mkwe wangu. Umelala juu ya kenchi za jiko, kwenye moshi, tangu alipofariki. Mume wangu hakuushusha mpaka naye akaondoka duniani.

Moyo unanidunda kama wa msichana. Na nina wajukuu wenye ndevu.

Jumatano, 4 Juni

Mwanangu Ambakisye kapanda, kaushusha. Masizi yamemwagika jikoni kote, kwenye maziwa pia. Sijali.

Mweusi kama chungu. Vipande viwili, vinaungana kwa bomba dogo la shaba ambalo mzee alipewa na fundi wa meli pale Itungi, enzi meli zinakuja. Huku juu kuna vipete vya waya vya kupitishia mshipi. Viwili vimeng'oka. Ncha ya juu imepinda kama mkia wa mbwa.

Nimekaa mbali nao kwanza. Siku hizi wakamwana wanakaa sebuleni na baba wakwe, wanatazama mpira pamoja, wanashangilia. Mimi nilipoolewa, baba mkwe hukutani naye. Humwoni uso, hakuoni wako. Chombo chake hugusi. Jina lake hulitaji. Ukimsikia anakohoa njiani, unaingia migombani unageuka, unajifunika kanga.

Ila yeye nilikuwa namjua hata kabla hajakohoa. Ncha ya mwanzi ilikuwa inatangulia juu ya migomba, inacheza cheza. Nikiiona tu, ndoo chini, mimi ndani ya majani. Miaka yote hiyo nimemjua baba mkwe kwa ncha ya mwanzi na kwa nyayo zake kwenye udongo. Miguu mikubwa. Kidole gumba kimetoka nje.

Leo nimeushika. Hakuna kilichonipata. Labda kesho.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeuosha! Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, taratibu, sehemu kwa sehemu. Chini ya masizi, rangi ya asali. Nimepiga kelele peke yangu. Jirani kaja mbio akidhani nyoka.

Kisha nikanyoosha ncha. Ukiuweka kwenye moto wa kuni unapasuka. Nikawasha pumba za mpunga, zile zinazoungua polepole bila miali, nikaupitisha juu, nageuza, nageuza, mpaka mwanzi ukalegea mkononi. Hapo unaukunja kinyume, unaushikilia, unasubiri upoe. Mikeka yangu na matenga yangu nimetengeneza hivyo maisha yote. Umenyooka. Bado kidogo tu pale mwishoni, na hiyo nimeiacha, maana nimekumbuka hata zamani ilikuwa inainama kidogo hivyo, kama mtu anayesalimia.

Nimefurahi mpaka nimesahau kuanua mpunga.

Jumamosi, 7 Juni

Wifi Tumpe kapiga simu kutoka Makwale. Binti wa mzee, wa mwisho, ndiye aliyebaki. Habari zimemfikia, sijui kwa nani, huku watu wana midomo. Hakusalimia hata "mugonile".

"Gwe! Mwanzi wa baba unashikwa na mkamwana? Nani kakupa ruhusa?"

Nikamwambia ruhusa kanipa Ambakisye, mjukuu wa mzee, ndiye kaushusha. Akasema Ambakisye ni mtoto. Ana miaka hamsini huyo mtoto. Akasema anakuja Jumamosi ijayo. Akiona nimeuharibu anauchukua, anaondoka nao Makwale, kanisani hauendi. Simu kaikata.

Na ana haki. Hilo ndilo linaloniuma. Yeye ni damu. Mimi ni mtu wa kujificha migombani.

Lakini nautaka ukutani. Nasema wazi hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilipojifungua mtoto wa kwanza akafa, mama mkwe hakusema neno, mume wangu hakusema neno. Asubuhi nimetoka nje, samaki amening'inia kwenye jani la mgomba mlangoni. Mbasa, mkubwa, bado maji yanadondoka. Kikohozi kimoja huko njiani. Kesho yake tena. Na keshokutwa. Mpaka nikaanza kula. Hakuwahi kuniona uso. Watu waujue mwanzi huo. Hiyo tu.

Jumatatu, 9 Juni

Leo kipande cha chini. Hiki sikijui. Nilikuwa nikijificha, nauona juu tu.

Mwisho wake mweusi kabisa, umeungua, umekuwa mwembamba kama pembe. Nadhani siku moja uliangukia motoni. Mbaya. Unachafua mwanzi wote. Nimechukua msumeno nikakata hapo palipoungua, nikasugua na jani la msasa mpaka laini, nikazungushia uzi mwekundu wa kushika. Mzuri sasa! Kama wa mfalme. Nimeusimamisha pembeni ya mlango, nikatoka nje nikaingia tena ili niuone upya.

Alhamisi, 12 Juni

Vipete viwili nimevirudisha, waya wa baiskeli, uzi juu, nta ya nyuki juu ya uzi. Bomba la shaba nimelisugua kwa majivu na ndimu. Linang'aa mpaka linakera macho. Jirani kasema nipake mawese mwanzi wote ung'ae pia. Nikamwambia nataka mwanzi, sitaki karamu ya mende. Nta inatosha.

Mwinjilisti kaja kupima ukuta unaohitajika. Kausifu. Kisha kasema Jumapili kila nyumba itasimama, itaeleza chombo chake, na kutaja jina la mwenyewe.

Kutaja jina.

Sijalala usingizi wa mchana. Kufua nimefua nguo moja mara mbili. Jina la baba mkwe halijawahi kutoka mdomoni mwangu. Hata mjukuu aliyerithi jina hilo namwita "Babu". Nitasimama pale mbele ya watu wote niseme nini? Mwanzi wa nani huu? Ambakisye anaweza kusema, lakini Jumapili ana mzigo wa kakao wa kupeleka, na kusema kweli ni bubu akiona watu watano.

Kwanza Wifi. Jumapili itajijua.

Jumamosi, 14 Juni

Siku! Siku gani hii!

Wifi Tumpe kafika saa nne, kashuka kwenye bodaboda na mchele wake kwapani, kama vile kwangu hakuna mchele. Amezeeka. Mimi pia, lakini yeye zaidi. Hakukaa. Hakunywa maji. "Uko wapi?"

Nikauleta. Akaushika juu. Akapitisha kidole kwenye ncha. "Umeuacha uiname," akasema. Nikasema ndiyo. Akasema ndivyo ulivyokuwa. Moyo wangu ukapaa mpaka kenchi. Akashuka na mkono. Vipete, sawa. Shaba, akacheka kidogo. Akafika chini.

Akaugeuza, akaugeuza tena.

"Mguu uko wapi?"

Nikamuuliza mguu gani.

"Mguu, wifi! Mguu wa mwanzi! Alikuwa akiuchoma kwa moto ili uwe mgumu, anauchimbia kwenye mchanga pale mdomo wa mto, anakaa pembeni anavuta kiko! Baba hakuwa anashika mwanzi mkononi kama mtoto! Umemkata baba mguu! Na hii kamba ya mbuzi ya nini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Siku zote hizo za kujificha nilidhani anatembea anavua, mwanzi mkononi. Anavuaje sikuwahi kuona. Kumbe ule weusi haukuwa ajali. Ulikuwa kazi ya mkono wake.

Wifi kaanza kuufunga mwanzi kwenye kanga. Anauchukua. Kasema sina nilichokosea ila kugusa. Hilo limenichoma kuliko matusi. Nikamwambia: "Wifi, mimi nimeuona juu, wewe umeuona chini. Peke yangu nimekosea chini. Na wewe peke yako ungeuacha kwenye moshi." Akasimama. Nikamwambia na samaki. Yote. Jani la mgomba, kikohozi, siku zile. Hakuwa anajua. Alikuwa mtoto, alidhani samaki wale baba yake anauza.

Akakaa chini. Akasema, "Sasa kile kipande umekitupa wapi?"

Sikumbuki! Tukatafuta. Wazee wawili tumepiga magoti kwenye kuni, tumepekua pumba, tumepekua banda la kuku, wifi ananitukana kila hatua, "Una macho ya mapambo tu." Nimekiona mimi. Kwenye kikapu cha vijiti vya kuwashia moto. Jirani jana kaja kuomba moto, nimempa vijiti kutoka humo humo. Nimekaa chini hapo hapo nikacheka mpaka machozi. Yeye akanipiga mgongoni, naye anacheka.

Mwanzi una tundu ndani. Wifi kachonga kijiti cha mti mgumu, nusu kimeingia juu, nusu kimeingia kwenye mguu. Gundi. Uzi mwekundu nimeukata wote. Alama ya msumeno inaonekana. Nikataka kuifunika kwa nta yenye masizi. Wifi akakataa. Akasema iachwe, mtu akiuliza tutamwambia mkamwana wake alimkata mguu.

Tumekula jioni, mchele wake na wangu chungu kimoja. Wangu mzuri zaidi.

Jumapili, 15 Juni

Uko ukutani.

Nimevaa gauni la kitenge jipya, Wifi kaniambia nimekaa kama zawadi ya harusi. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mwenye vyungu kasema. Mwenye ngoma kasema, kapiga, watoto wakacheza. Kisha mimi.

Nimesema. Nimesema mwanzi ulikuja kutoka milimani, shaba kutoka meli ya Itungi. Nimesema ulikuwa unatangulia juu ya migomba, na sisi wanawake tuliolelewa zamani tunajua maana yake. Wazee wa kike wakacheka, wakapiga makofi, mmoja akalia "Ee, tulijificha!" Nimesema samaki wa mlangoni.

Mwinjilisti akasema, ndaga, asante Bibi, na mwenye mwanzi ni nani?

Mdomo ulifunguka. Hakuna kitu. Nikafunga. Nikafungua tena. Vijana wakadhani nimesahau, wanaminyana. Sikusahau! Nalijua kama lilivyo jina langu. Lakini kulitamka mbele yake, na mwanzi wake uko pale ukutani unaniinamia, sikuweza. Wala sikutaka. Nilikuwa nimesimama tu, jasho mgongoni.

Wifi Tumpe akainuka benchi la tatu. Hana sauti ndogo huyo. "Gwakisa!" akasema. "Baba yangu ni Gwakisa. Na huyu aliyesimama hapo hawezi kulitaja kwa sababu ni mkamwana wake, mkamwana wa kweli, na yeye ndiye aliyeutengeneza mwanzi. Mguu tu alimkata."

Wakacheka, wakapiga vigelegele. Mwinjilisti akaandika kwenye karatasi, jina la mzee, na chini yake jina langu. Sikuomba. Wifi ndiye aliyemsimamia mpaka kamaliza, akamtamkia herufi, kisha akaniita nihakikishe. Kusoma sikufundishwa shule, nimefundishwa ukubwani, kisomo cha ngumbaro. Nimesoma. Ni jina langu.

Nimecheza njia nzima kurudi. Goti linauma sasa. Liume.

Jumanne, 17 Juni

Mvua kidogo. Mpunga uko ndani.

Wifi bado yuko. Anasema basi lilikuwa limejaa. Hajaenda hata stendi.

Tulikuwa tunamenya ndizi. Nikamuuliza baba alikuwa na sura gani. Kisu chake kikasimama. Akasema, "Hujawahi?" Nikasema ningemwona wapi. Hata alipofariki nilikuwa nyuma na wanawake, nimejifunika. Picha hakuwa nayo.

Akafikiri. Masikio makubwa, akasema, yametoka kama vipini vya sufuria. Macho madogo. Pengo mbele. Akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja, anaonea aibu lile pengo, lakini mabega yanamsaliti. Na akisema hivyo Wifi mwenyewe akacheka, kiganja mdomoni, mabega juu.

Nikaacha kumenya.

"Unaniangalia nini, gwe?"

Nikaendelea kuangalia. Chungu kilichokuwa motoni kikashika chini, tumekula hivyo hivyo.