Mchana Baba Alipotuchomea Nyama

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la miwani.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukununia kila mvua inaponyesha. Mumeo, mzee wetu wa redio, naye hajambo? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mimi mwili haujambo, ila kiti kinanichoma. Tangu nianze kuandika nimeinuka kufunga dirisha, nikainuka tena kulifungua.

Habari za kaka yako unazipata kwa simu, lakini najua anachokwambia: "Sijambo, naendelea." Huko kuendelea kwake, Shangazi, ni kulala kando ya mashine ya kuchuja damu, leo aende, kesho apumzike, keshokutwa aende tena, na kurudi nyumbani akishikilia ukuta. Maji anapimiwa. Chumvi marufuku. Nyama ni ya kuonja tu. Basi fikiria tulivyoshangaa Jumamosi moja alipotangaza kwamba anatupeleka kula nyama choma.

Kuna mgahawa wa Kikorea karibu na kazini kwangu. Baba ndiye aliyeupaka rangi, na ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla figo hazijagoma. Mwenye mgahawa, mama mmoja wa Kikorea mcheshi, alimwambia siku alipomaliza: njoo na familia yako mle. Baba akawa anasema kesho, kesho, mpaka ugonjwa ukamkuta njiani. Sasa akaona ile kesho isizidi kungoja.

Ngoja nikueleze mambo ya huko, maana najua utauliza. Meza ina jiko katikati, na juu yake linashuka bomba kama mkonga wa tembo, linameza moshi. Nyama unajichotea mwenyewe, mbichi: ya ng'ombe imekatwa nyembamba kama karatasi, ya kuku imelowekwa kwenye sosi ya soya, sukari na vitunguu saumu. Unachukua kiasi utakacho, unarudi tena na tena, unachoma mwenyewe mezani. Kisu hakuna, nyama inakatwa kwa mkasi. Mama alipouona akauliza, "Huu wa cherehani umefuata nini hapa?" Kisha unafunga nyama na wali kidogo kwenye jani la saladi, unatupia kinywani kwa mkupuo mmoja, na mashavu yanakuwa kama ya mpiga tarumbeta. Ukutani pana tangazo kwamba atakayebakisha chakula atatozwa faini. Kaka Mrefu, unamjua na tumbo lake la dereva wa lori, alilisoma kama mtu aliyetukanwa, akaenda kujaza sahani.

Koleo la kugeuzia nyama alilishika Baba, na hakumpa mtu. Yeye mwenyewe alikuwa na wali mkavu na majani mawili ya saladi, lakini alituchomea, akatugeuzia, akatukatia, akawa anatazama vinywa vyetu vikitafuna. Sijamwona na furaha vile siku nyingi. Mimi nilikuwa nafunga na kufungua jani lilelile la saladi. Unajua kaka Mrefu alipimwa ili atoe figo, akakutwa na presha, wakamkataa. Asilolijua Baba ni kwamba mimi pia nilikwenda kimyakimya, na majibu yalikuwa yametoka. Nilikuwa nimemwambia Mama peke yake.

Tulipoanza kulegeza mikanda, Baba akasema, "Kuleni, lakini nina neno. Nimeshamwambia daktari nitabaki na mashine yangu. Habari za figo ya mtoto sitaki kuzisikia tena nyumbani kwangu."

"Baba, hiyo mashine inakumaliza," kaka akasema.

"Inimalize. Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

"Ndiyo maana daktari amekukataza," Mama akajibu papo hapo. "Wenzio wagonjwa hawaulizwi hata uji. Wewe unaulizwa figo, unaringa!"

Kaka akapaliwa kwa kicheko. Mimi sikucheka. Neno likanitoka kabla sijalipanga: "Baba, nimeshapimwa. Ya kwangu inakufaa."

Koleo likasimama hewani. Nyama ikaanza kuungua, na hakuna aliyeigeuza. Baba hakufoka. Alilaza koleo taratibu kando ya jiko, akainuka, akaelekea kwenye ujia wa kwenda msalani. Kaka akataka kumfuata. Mama akamvuta shati. "Mwache aende yeye," akasema, akininyoshea kidole mimi.

Nilimkuta ameupa ukuta uso, anasugua kwa dole gumba mahali palipogongwa na viti.

"Wamekwaruza," akasema. Kisha, "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Mama alilia nilipomwambia. Hakunituma."

"Mzazi ndiye humpa mtoto. Mto haupandi mlima."

"Mbona wewe na Shangazi mlimlisha Bibi kwa kijiko?"

"Kijiko si figo." Akahema. "Ukibaki pale kwenye kitanda cha upasuaji, mimi nitaamka niishi na nini? Hiyo figo yako itakuwa inaniuliza kila asubuhi uko wapi."

Shangazi, nilikuwa nimejiandalia majibu mazuri, maneno ya madaktari, mifano ya watu waliopona. Yote yaliyeyuka. Nikasema tu, "Naogopa, Baba. Usingizi siupati. Lakini naogopa zaidi kukuzoea ukiwa hivi."

Hapo ndipo aliponigeukia. Akanitazama kama anayetafuta ufa. "Nilidhani umekuja na ushujaa," akasema. "Shujaa ningemkatalia." Akakohoa. "Nitakuja kumsikiliza huyo daktari. Kusikiliza tu. Usianze kupiga vigelegele."

Tuliporudi tulimkuta Mama anatafuna zile zilizoungua kwa kuogopa faini, uso kama anakunywa dawa. Baba akachukua koleo, akachoma kipande kimoja kisicho na sosi, akakikata kwa mkasi. Nusu akala yeye, polepole. Nusu akaweka sahanini kwangu.

Kwa daktari tulikwenda wiki iliyofuata. Baba hakuuliza swali hata moja juu yake mwenyewe, yote yalikuwa juu yangu. Ataweza kubeba ndoo? Ataweza kuzaa, akitaka? Na hiyo itakayobaki ikiugua? Daktari alimjibu yote, na hakuficha kwamba hatari ni ndogo lakini ipo. Tulipotoka nje Baba akasema, "Haya." Ndiyo hiyo tu, haya. Tumepangiwa mwishoni mwa mwezi ujao.

Nilidhani akikubali nitatulia. Wapi! Kazini nimekata lenzi ya miwani kinyume, mteja akatoka akiona milango miwili, akajigonga ukutani. Nikiwa nyumbani nataka kutoka, nikitoka nataka kurudi.

Na kuna jambo moja nakwambia wewe peke yako. Juzi daktari aliniita bila Baba. Akaniambia, "Ukitaka kujitoa, hata asubuhi yenyewe, niambie. Wazazi wataambiwa tu kwamba figo yako haikufaa. Hakuna atakayejua." Shangazi, moyo wangu uliruka kwa furaha, na furaha ile ndiyo iliyonitisha. Nikaaga. Nikaenda kusimama kituoni, mabasi yakapita, sikupanda hata moja. Nikaona jinsi ilivyo rahisi. Hata Baba angeshusha pumzi. Halafu nikajiona nimekaa naye meza moja, siku baada ya siku, ananipa pole kwa mwili wangu uliokataa, nami naipokea pole hiyo. Nikarudi hospitalini. Nikamwambia daktari, "Nashukuru kwa kunifungulia mlango. Nimechungulia nje. Narudi ndani." Bado naogopa. Usije ukanisifu kwa watu.

Sasa sababu ya barua yenyewe. Siku hiyo wataniingiza mimi kwanza, kisha Baba. Kaka Mrefu atakuwepo, lakini unamjua, atazunguka ua mzima akipiga simu. Mama atabaki kwenye benchi la ujia, mumewe chumba kimoja, mwanawe chumba cha pili, hajui macho ayaelekeze mlango upi. Kwa hilo sina dawa. Yeye hatakuomba kamwe, atasema wewe una goti, safari ni ndefu. Ndiyo maana naomba mimi. Njoo ukae na wifi yako. Yeye autazame mlango mmoja, wewe uutazame mwingine.

Msalimie mzee wa redio, na binamu yangu Machepele, mwambie aache kuruka ukuta. Bibi jirani yako mpe mkono. Mama na kaka Mrefu wanakusalimu. Baba naye anasema hajambo, anaendelea.

Mungu akushike goti na moyo mpaka tuonane.

Mimi mwanao, nikupendaye hata nisipotulia,

Binti wa kaka yako.