Barua ya Kwenda Rabat

Jumanne, 4 Machi 2025

Picha zimeingia! Saba. Mbithi wangu na Rabat yake — mji mkuu wa Moroko, na siku hizi mji mkuu wa kichwa changu. Kuna mnara wa msikiti ulioachwa nusu zaidi ya miaka mia nane iliyopita, na karibu nao tramu inapita. Anasema waliopanga mji hawakubomoa mji wa kale. Mpya waliujenga nje ya ukuta, wa kale wakauacha na misikiti yake na vichochoro vyake. Hayo ndiyo anayosomea. Akirudi tutapanga Nunguni hivyo hivyo, anasema.

Hapa Nunguni tutahifadhi nini — choo cha soko? Nilicheka peke yangu humu saiba, duka langu la kompyuta na uchapaji, mteja akaniangalia vibaya.

Agosti nitaiona mwenyewe. Ramani ya Rabat nimeibandika juu ya printa. Njia ya kutoka bweni lake hadi mtoni naijua kuliko njia ya kwenda mjini Wote.

Jumapili, 9 Machi

Hajapiga simu siku tano. Labda ni saumu. Alisilimu Desemba, na sikukasirika, Mungu ni wa wote. Leo nimemwambia Rahmo, jirani yangu wa duka la nguo, ambaye pia amefunga. Alifurahi sana. Kisha akauliza taratibu kama kuna mtu aliyemvuta. Nikasema ni uzuri wa misikiti ya huko.

Rahmo akaendelea kukunja leso.

Alhamisi, 13 Machi

Ujumbe mmoja tu. Agosti haitawezekana, nyumba ni ndogo.

Nyumba gani? Si anakaa bweni?

Nimepika ugali, nikawamwagia kuku.

Jumatatu, 17 Machi

Stima imepotea, taa zote zimezima. Naandika huku nikingoja irudi.

Mama yake Mbithi ameketi kwenye benchi langu. Namwita Mwaitu, yaani mama yangu, kama mwanawe anavyomwita. Amekuja na parachichi sita kwenye kiondo, na bahasha. Nthiwa, kaka yake Mbithi aliye Kitui, ameandika barua kwa mkono. Ichapwe, ipelekwe kwa chifu ipigwe muhuri, halafu itumwe Rabat. Ni mambo ya shule, eti. Nthiwa alimwagiza aende saiba ya kule stendi. Mwaitu akakataa. Aende kwa wageni na binti yake yuko hapa?

Hajui kusoma. Mimi najua, bahati mbaya.

Barua inasema Mbithi Kitheka hajawahi kuoa, kwa cheti wala kwa desturi, na yuko huru kufunga ndoa huko.

Wala kwa desturi! Siku mbuzi watatu wa ntheo walipoletwa kwetu, Mwaitu huyu huyu alicheza hadi ndara ikakatika. Kwa Wakamba, nikawa mke siku hiyo. Hatukuandika popote. Nani alitaka karatasi? Mbuzi mmoja amezaa juzi.

Nimeichapa yote. Sijui kwa nini. Vidole vimezoea kuchapa ya watu. Nilikuwa nabonyeza printa ndipo stima ikaenda.

Naangalia ramani ukutani. Hata Rabat, mji wa kale waliuacha kwenye ramani. Mimi nimefutwa. Naona uchungu hadi kwenye meno — na bado nampenda, mjinga mimi.

Mwaitu ameniuliza sasa hivi:

"Mwana wakwa, hiyo barua inasema aje?"

Nimeshindwa kudanganya, nikashindwa kusema. Nikamwambia inasema Mbithi hana mtu.

Amecheka hadi akashika mbavu.

"Hana mtu aje? Na wewe ni nani, mbuzi? Nthiwa amesahau. Weka jina yako hapo, Kanyiva, chifu aione. Hao watu wa huko wajue mtoto wangu ako na bibi."

Stima imerudi. Printa imeanza kunguruma. Karatasi inatoka.

Mwaitu amesimama nyuma yangu, ameniona naandika daftarini, amefikiri naanza kuweka jina langu. Kidole chake kiko kwenye karatasi, chini ya jina la mwanawe. Andika hapa, anasema. Hapa nafasi iko.