Nilijua Ilipokuwa Kofia

Mdogo wangu Makori,

Sina anwani yako. Nilicho nacho ni maneno ya mchuuzi mmoja wa ndizi kwamba alikuona Tarime, ukishona suruali kwenye baraza ya duka la mtu, na kwamba alipokuita kwa jina hukugeuka. Ndiyo maana nakuandikia gazetini, mbele ya watu wote, kama tulivyozoea kufanya mambo yetu. Asiyetujua na asome tu. Wale wa Nyakoe wanaotujua, hao hasa ndio ninaotaka wasome.

Mama ameanza kulala mchana. Anakunywa vijiko viwili vya uji anasema ameshiba. Nyumba yake ni yako, wewe kitinda mimba, na amenikataza kuiezeka upya mpaka urudi. Ananiuliza swali moja tu: "Makori atakuja kunitupia udongo?" Namjibu kwamba utakuja. Sijui kama nasema kweli, maana ulitoka hapa ukikimbizwa, na mpaka juzi hakuna aliyewahi kukiri kwamba kukukimbiza lilikuwa kosa.

Unaukumbuka ule ukumbi wa Kisii? Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila Jumapili alasiri watu walitaka kuona kitu kipya. Bwana Salim, mwenye ukumbi, alinikabidhi funguo akaniambia, "Wewe una mdomo. Nitafutie watu wa kustarehesha watu." Basi nikawa meneja. Nilikuwa na mzee wa obokano, aliyepiga nyuzi zake nane huku amefumba macho, na ambaye hakukubali hata siku moja kupanda jukwaani baada ya sarakasi, eti yeye hafuati watu wanaosimamia vichwa. Nilikuwa na vijana wawili wa sarakasi kutoka Majengo, waliogombana kila walipofika chini. Nilikuwa na Bosire mchekeshaji, aliyemwiga chifu vizuri hivi kwamba chifu mwenyewe alikuja kujitazama. Halafu nilikuwa na wewe, Profesa Makori, ndani ya suti iliyokupwaya mabegani, mfanya mazingaombwe pekee kutoka Kisii mpaka Nyamira.

Watu walidhani kazi ya meneja ni kupiga kengele na kufokea wenye miluzi. Kazi yangu ilikuwa kupanga nani amfuate nani. Obokano ilitangulia, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Wewe nilikuweka nyuma ya Bosire, vinywa vikiwa bado wazi kwa kicheko, kwa sababu mtu anayecheka haogopi. Na hapo mwisho tulikuwa na sheria yetu, niliyoitunga mwenyewe, ya kufungua mchezo. Kwetu mtu akichukua nguo yako, au unywele wako, ikapotea mikononi mwake, hasifiwi ufundi. Anaitwa omorogi, na kwamba mchawi huchomwa moto kila mtoto wa Gusii anajua. Kwa hiyo kila ulichoazima ulikirudisha mkononi mwa mwenyewe, kisha ukaligeuza sanduku, ukaonyesha kitako cha juu, cha uongo, na kitako cha chini, na nafasi iliyofichika kati yao, na ukamwita mama mmoja atie mkono. Walijicheka. "Umetuweza, mwanangu," walikuwa wakikuambia, wakaenda zao salama.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Watu walianza kupungua. Bwana Salim aliuliza, wakishajua siri watarudia nini? Aliuliza tu. Wazo la kuacha kufungua lilikuwa langu, usimtwike mtu mwingine. Nilikuambia siku tulipokwenda kuonyesha Nyakoe, katika stoo ya kahawa karibu na soko. Ulisimama na sanduku kichwani ukasema, "Kaka, hawa ni watu wa nyumbani. Hawa ndio wa kufunguliwa kuliko wote."

Nikakujibu kimeneja. "Acha wakae na swali. Swali ndilo litakalowaleta Kisii."

Kisha nikapanda mbele ya watu nikatamka, kwa sauti yangu ile ya Jumapili, kwamba hata mimi meneja wako sijui unavyofanya. Walipiga makofi. Nilivipenda vifijo vile, Makori. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Uliazima kofia ya mtoto, ya sufu, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake mstari wa mbele. Ukaitia sandukuni, ukafunga, ukafungua. Hamna kitu. Watu wakanyamaza. Nilikuwa nimeishi kwa kusikiliza kunyamaza kwa watu, na ukimya niliousikia siku ile sikuupenda. Kabla sijafikiri, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, watu wakatoka mbio kuokoa mali zao sokoni. Yule mama alikimbia naye, mtoto kichwa wazi. Ulinishika mkono ukasema, "Kofia." Nikakuambia tutawapa siku nyingine, tufunge mizigo.

Siku ya tatu walikuja nyumbani. Ilikuwa asubuhi, jua limeshachomoza, umande bado kwenye majani ya chai. Walikuwa majirani, watu tuliokula nao, wawili nilisoma nao darasa moja. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Mbele alikuwa Onchiri, baba wa mtoto. Alisema mtoto anawaka moto siku ya pili hii na hamtambui mama yake. Kisha akasema, "Hiyo kofia ya mtoto iko wapi?"

Ulimjibu kwa heshima. Ulimwita tata, yaani baba, ukasema ni mchezo tu, kofia imo humu. Ukalileta sanduku, ukalipigia magoti. Lakini mbao zilikuwa zimenyeshewa na kuvimba, na kile kitako cha juu kikakataa kunyanyuka. Ulivuta mpaka kucha ikatoka damu. Nami nilijua la kufanya. Sanduku lile nililiunda mimi, misumari yake niliipigilia mimi, na nilijua ukilipiga kwa kiganja ubavuni, chini kidogo ya bawaba, linaachia. Nilikuwa hatua tatu kutoka ulipokuwa.

Onchiri akanigeukia. "Wewe ulisema hujui. Unajua ama hujui?"

Niliwatazama. Mmoja alikuwa na fungu la nyasi kavu kwapani, analishika kama mtu aliyetumwa kuezeka. Nikaona kwamba hapo anayejua atahesabiwa mwenzake mchawi. Nikasema, "Sijui."

Ulinitazama. Hukukasirika. Ulinitazama kama unamngojea mtu msahaulifu akumbuke jina. Kisha mtu mmoja akalipasua sanduku kwa panga, na kofia ikaanguka kutoka mahali ambapo hakuna aliyeona pa kuficha kitu. Kelele zilianza hapo. Mama alijitupa katikati yao na wewe, ukapenya kwenye shamba la chai, na nyumba yako ndogo ikaungua mpaka saa sita. Mimi nilibaki nimesimama. Mtoto alikuwa na malaria. Alipewa dawa za zahanati, akapona kabla ya wiki kwisha, na walisema amepona kwa sababu umeondoka.

Sikuurudia ukumbi. Nilimpelekea Bwana Salim funguo zake nikarudi kuchuma chai. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yameshakua yakawa jitu zima, yanakula kwangu na kulala kwangu. Miaka kumi nimesikia jina lako likitajwa kwa sauti ya chini, nami nikinyamaza, na kila niliponyamaza nilikuwa nasema "sijui" upya.

Uji wa vijiko viwili ndio ulionitoa katika kimya hicho. Nilijua mama akizikwa bila wewe, nitakuwa nimekuua mara mbili. Nikaunda sanduku jingine. Wiki tatu zilizopita, siku ya soko, nililiweka juu ya meza pale Nyakoe nikapiga kengele. Walikuja wakicheka, wakidhani meneja amerudiwa na wazimu wake. Nikatia kofia yangu mwenyewe. Nikafunga, nikafungua, hamna kitu. Halafu nikafungua mchezo kama tulivyokuwa tukifanya, kitako cha juu, kitako cha chini, nikawaita watie mikono mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alisema, "Kumbe ni hivyo tu?" Nikawaambia ni hivyo tu. Nikawaambia Makori hakuwa omorogi, alikuwa fundi, na nyumba ya fundi ndiyo iliyochomwa. Watu waliinamisha vichwa. Nililia mbele yao, wala sioni haya kusema.

Nilidhani yamekwisha. Onchiri alikuja mwisho. Ameota mvi. Alikinyanyua kile kitako, akakirudisha, akakinyanyua tena.

"Kwa hiyo siku ile ulijua," alisema.

Nikasema nilijua.

"Na ukatuacha tuchome nyumba ya mtu."

Hakungoja jibu. Walitawanyika bila kuniaga.

Tangu hapo wanaonisaidia kuchuma chai hawaji. Nikiwasalimu asubuhi, "Bwakire," wanapita. Wako wanaosema nilimuuza ndugu yangu, na hao siwezi kuwabishia. Lakini wako na wengine. Hao wanasema mtu anayeweza kukaa na siri miaka kumi bila uso kubadilika, haiwezi kuwa ndiyo siri yake pekee. Jumanne ng'ombe wa jirani alikufa ghafla, na nikaulizwa, kwa adabu kabisa, Jumatatu nilipitia wapi. Mke wangu amewapeleka watoto kwao Nyamira. Hakusema ni kwa siku ngapi, wala sikumuuliza. Jana asubuhi nilipofungua mlango nilikuta kibiriti kwenye kizingiti. Kipya, njiti zote zimo. Nimekiweka juu ya rafu kwa sababu sikujua pengine pa kukiweka.

Ninaogopa, Makori. Sasa ninajua kidogo ulichokiona ulipokuwa umepiga magoti pale. Lakini kuna jambo nimeliona katika haya yote, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: jina lako hawalitaji tena kwa ile sauti ya chini. Wanasema "maskini Makori." Nimewasikia kwa masikio yangu. Walichokuwa wamekiweka juu yako wamekiondoa, na njia ya kwenda kwa mama ni nyeupe.

Basi njoo. Njoo mchana, siku ya soko, upite katikati ya watu na uwasalimu kwa majina yao. Wataitikia. Usikawie, maana mama siku hizi anaamka mara moja tu, jua likiwa utosini, na akiamka hutazama mlango.

Ukifika usianze kwa kunitafuta mimi. Nyumba yangu iko njiani, utaiona kabla ya kwake. Ukiikuta, au usipoikuta, pita tu. Nenda kwa mama.

Ni mimi, kaka yako mkubwa, niliyejua.