Babu Aliyeitika Badala ya Mjukuu

Shoga, nimejifungia stoo ya vitu vya kuchezea, nacheka mpaka mbavu zinauma!

Leo hapa kliniki daktari kaniachia kipimo nikifanye mwenyewe: mwite mtoto kwa jina lake, uone kama atageuka. Nikaita. Mtoto anazungusha tairi la gari lake la plastiki, wala habari hana. Nyuma yangu nasikia, "Naam!"

Ni babu yake! Babu na mjukuu, jina moja!

Nikamwomba anyamaze. Nikaita tena. "Naam!" Shoga, "Naam" tena! Daktari akaficha uso kwa faili.

"Mzee, tunamwita mtoto."

"Najua, mwanangu. Nimezoea kuitika badala yake, watu wasimwone ana kiburi."

Daktari akashusha faili.

Nikaita mara ya mwisho. Babu kajiziba mdomo kwa kiganja. Mtoto hakugeuka. Pamoja na yote tuliyoyaona wiki hizi, daktari akasema ni usonji, hali ya kuzaliwa nayo, si ukaidi.

Babu akauliza polepole, "Kwa hiyo siku zote hakuwa ananidharau?"

"Hata kidogo, mzee."

We! Alivyofurahi! Akajitupa zuliani, magoti yakalia ko, akaanza naye kuzungusha tairi. Mtoto hakumtazama, ila akamwegemea.

Shoga, akamwegemea!