Zahanati ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Rasimu ya Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano imerudi mezani kwangu mara ya kumi na moja. Kumi na moja! Mkurugenzi wetu tunamwita Bwana Koma, maana hasomi sentensi, anasaka koma tu. Safari hii kagusa jedwali la utekelezaji wa Mpango unaoisha. Zahanati ishirini na sita zilizokuwa "zinajengwa", zote sasa "zimekamilika". Nikamuuliza, lini? Akasema bila hivyo tutaonekana tulilala miaka yote mitano.

Mojawapo ni ya kule anakofanya kazi mdogo wangu, muuguzi.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia. Amecheka mpaka kakohoa. Kisha akasema:

"Dada, juzi nimezalisha chini ya turubai. Mvua ikatukuta. Mama mkwe wa mzazi ndiye aliyemshikia mtoto mwavuli."

Kuta zipo, paa hakuna. Na kilichokamilika hakitengewi fedha! Tukichapa hivyo, mabati hayaendi kule mpaka Mpango mwingine. Miaka mitano ya turubai, kwa neno moja.

Alhamisi, 6 Machi
Jana nilidanganya naumwa jino, nikaenda kujionea. Majani yamefika dirishani. Madirisha yenyewe matundu tu. Mdogo wangu kapanga wajawazito kwenye benchi, ananionyesha "wodi" kwa mkono kama mwenye hoteli. Nikacheka naye. Njiani nikalia.

Leo nimemwekea Bwana Koma picha mezani. Akazitazama moja moja, taratibu.

"Zimetoka vizuri. Una simu gani?"

Jamani!

Baadaye akafunga mlango. Kwa sauti ya chini: Waziri ameshatangaza kuwa zimekamilika, je, yeye ndiye akamwambie amekosea? Amebakiza miaka miwili astaafu. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika, ningemchukia tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetumwa kiwanda cha uchapaji kuidhinisha nakala ya mwisho. Ruhusa yangu: tahajia na koma. Basi.

Msimamizi wa mitambo, kidole kwenye swichi: "Mama, kuna sahihisho? Nikiwasha sizimi."

Nikasema lipo.

Mstari wa kumi na tisa, zahanati ya mdogo wangu. Nimefuta "imekamilika", nimeandika "haijaezekwa". Nikatia sahihi yangu, jina kamili. Zile ishirini na tano sikuziona kwa macho, nimeziacha. Nalo linanikera. Huko kwingine nani ana mdogo wake wa kumsimulia?

Jumatano, 12 Machi
Uzinduzi. Naandika nyuma ya ratiba, nimekaa safu ya tatu kutoka mbele. Hotuba ndefu, kiyoyozi kibovu. Bwana Koma yuko pembeni yangu, suti mpya.

Waziri kaamua kusoma zahanati moja moja — haikuwa kwenye ratiba! Imekamilika, makofi. Imekamilika, makofi. Nahesabu kwa vidole. Kumi na saba. Kumi na nane.

"Haijaezekwa."

Wachache wamepiga makofi kwa mazoea, wakakatisha. Waziri kavaa miwani, kasoma tena kimoyomoyo. Bwana Koma kanigeukia. Jasho linamtoka.

"Nani ameandika hapa?"

Kamera zimegeuka kwetu. Bwana Koma anafunga kifungo cha koti, anataka kuinuka — kuomba radhi, namjua. Atasema ni kosa la uchapaji.

Nimemshika mkono wa koti. Waziri anauliza tena. Nasimama mimi.