Mchuzi wa Zaina

Mjukuu wangu Salma,

Amahoro. Huku Rumonge tuko wazima. Mama yako bado anauza mawese, na goti langu linauma kidogo tu. Umeniuliza kwa nini jamaa za wagonjwa mahututi hapo hospitalini unakofanya kazi hukasirika wakiona ndugu yao analishwa kwa mshipa.

Babu yako alipolazwa Bujumbura hajitambui, mashine ilimsafishia damu badala ya figo zilizoshindwa, na chakula kikaingia kwa dripu, kimepimwa kulingana na figo hizo. Daktari alinieleza kwa Kifaransa: asipewe kitu mdomoni, kitampalia, na chumvi itamzidi. Mke mwenzangu Zaina hakujua Kifaransa. Sikumtafsiria. Alikuja na thamosi ya mchuzi wa mukeke, samaki wa ziwa letu, ule ambao babu yako aliusifu mbele yangu miaka yote, nami nilitamani muuguzi amkaripie watu wakisikia.

Siku ya tatu nikamkuta amesogeza kijiko midomoni mwa mgonjwa. Nikamshika mkono.

"Acha, utamuua. Daktari amekataza."

"Alikataza lini?"

"Juzi."

Akafunika thamosi polepole. "Mwalimu wa watoto wote wa Rumonge, mimi peke yangu hukunifundisha."

Ndipo nikamweleza yote, mpaka mashine. Hasira yake ikaisha; iliyobaki ilikuwa yangu mimi.

Babu yako alipozinduka, aliomba mchuzi wa Zaina. Daktari aliporuhusu vijiko viwili visivyo na chumvi, nilimtafsiria Zaina siku ileile, neno kwa neno, na mpaka leo inaniuma kwamba hakuomba mchuzi wangu.

Bibi yako,
Mwajuma