Kabati Mbele ya Dirisha

Jumamosi asubuhi, Februari 1999, Msambweni. Joto limekwisha kukaa juu ya bati, na mimi nina wivu.

Naandika hivyo hivyo: wivu. Sina haja ya kuupamba.

Juzi ilikuwa zamu yangu. Mume wangu alikula wali wangu wa nazi, akanishukuru vizuri, kisha akachukua kanzu yake. "Niwie radhi, Mama Fatuma. Kwako hakulaliki kwa joto. Nitajilaza kule kwa mwenzio, kuna upepo."

Kule ni kwa Saumu, mke mwenzangu, aliyejengewa mbele ya nyumba yangu, upande wa bahari. Upepo unamfikia yeye. Mimi nafikiwa na harufu ya mapishi yake.

Jana nilikuwa nalifundisha darasa la sita habari za hewa. Mchana nchi kavu hupata moto upesi, hewa yake hupanda, na ile baridi ya baharini huingia kushika nafasi. Ikifika milima ya Shimba nayo hupanda, ikapoa, ikawa mawingu. Ndiyo maana Kwale, kule juu milimani, wananyeshewa na sisi tunatazama tu. Usiku nchi kavu hupoa kabla ya bahari, upepo ukageuka, ukatoka bara kwenda baharini.

Nikasimama na chaki mkononi.

Ukitoka bara, unaanzia kwangu!

Ila dirisha la nyuma nimeliziba mwenyewe, kwa kabati la mvule alilonipa kunipoza moyo alipomwoa Saumu. Nililiweka pale ili kila aingiaye, Saumu hasa, alione kabla hajakaa.

Jioni nililisukuma mpaka mgongo ukalia, nikambembeleza mume wangu alale kwangu. Mwanzo alijigeuzageuza huku mimi namwomba Mungu. Kuelekea alfajiri kikaja kibaridi kutoka minazini, pazia likainuka, naye akakoroma hadi adhana.

"Alhamdulillahi! Kumbe kwako kuna upepo namna hii?"

Nikamweleza yote, kwa madaha ya mwalimu. Alinisikiliza kuliko wanafunzi wangu. Nilijiona bibi harusi.

Kisha akaweka kikombe chini. "Basi leo namwita fundi, Saumu naye atobolewe dirisha la nyuma. Maskini, alfajiri kwake huwa joto."

Nikasema inshallah. Chai yangu sikuimaliza.

Nyundo naisikia sasa hivi. Hivi mimi, nani alinituma kueleza?